Urithi wa Mpagazi

Kwenye Barabara ya Kenyatta, katikati ya Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba ambazo wapita njia wengi hawazitupii jicho. Zilizinduliwa mwaka 1928, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Hana bunduki. Chini yao kuna maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayotoa ahadi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Kwenye barabara iyo hiyo lipo jengo ambalo vizazi vya wakazi wa Nairobi vililijua kama sinema ya Cameo. Kabla ya kuwa Cameo liliitwa Theatre Royal, na humo, mwaka 1919, ilichezwa bahati nasibu ya mashamba. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kuwatuza wanajeshi waliotoka vitani kwa kuwapa ardhi. Mashamba zaidi ya 1,000 yalitengwa, mengine bure, mengine kwa malipo nafuu ya miaka mingi. Majina yalichomolewa moja baada ya jingine mbele ya umati, na kila aliyeitwa akachagua shamba lake kwa zamu. Sharti la kwanza la kushiriki lilikuwa rangi ya ngozi. Mhindi aliyevaa magwanda ya Mfalme hakuruhusiwa, na Mwafrika hakufikiriwa kabisa. Sehemu ya ardhi iliyogawiwa ilimegwa kutoka kwa Wanandi, ambao vijana wao walikuwa wametoka kupigana katika vita hivyohivyo.

Sanamu na ukumbi huo vinaweza kutembelewa kwa dakika chache, na ukivisoma pamoja utaona jinsi mali ya familia inavyogawanya watu wa nchi moja kwa rangi, na jinsi mgawanyo huo unavyodumu hata sheria iliyouanzisha ikishafutwa. Mmoja alipewa shamba. Mwenzake aliahidiwa kukumbukwa. Niliamua kuifuata njia ya huyu wa pili, kutoka hapo mjini kuelekea mashariki, hadi mitaa ya Eastlands alikoishia yeye na wajukuu zake.

Tulitazame kwanza shamba lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 ilimpa mlowezi umiliki wa hadi miaka 999. Aliyepewa shamba kwa masharti hayo mwaka 1919 alikuwa na haki ya kulirithisha hadi mwaka 2918. Sheria hiyohiyo ilimpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka mtu wa rangi moja kwenda kwa wa rangi nyingine, kwa hiyo hata Mwafrika au Mhindi mwenye fedha taslimu hakuweza kuingia. Ardhi yenye hati hupelekwa benki ikawekwa rehani. Mkopo hununua trekta na miche ya kahawa, kahawa hulipa karo ya shule ya bweni Uingereza, na mtoto aliyesoma hurudi kuwa wakili, mhandisi au mkurugenzi wa kampuni. Mwaka shamba likikauka, benki husubiri. Baba akifa, mtoto haanzi na sifuri. Kuna walowezi wengi waliofilisika, hasa katika mdororo wa miaka ya 1930, lakini hata aliyefilisika alikuwa na kitu cha kuuza.

Mpagazi je? Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wala si kwa risasi. Walikokotwa kutoka vijijini kwa nguvu ya machifu na wakuu wa wilaya, wakabeba vyakula na risasi za jeshi kutoka mpakani mwa Kenya hadi kusini kabisa mwa Tanganyika. Mishahara yao ilikuwa midogo, na maelfu walikufa kabla ya kuipokea. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, vijiji havikujulikana, na jamaa hawakujua wadai wapi. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho cha wapagazi, alihangaika miaka mingi akitaka fedha hizo zisizodaiwa zirudi kwa Waafrika, kama si kwa jamaa basi kwa manufaa ya jamii zao. London haikukubali. Huo ulikuwa urithi pekee wa fedha ambao familia nyingi zingeupata kutokana na vita, na ulibaki katika hazina ya mwajiri.

Fikiria mshahara wa marehemu ulivyoweza kubadilika kuwa ng'ombe wawili, ng'ombe wakawa mahari au karo, na karo ikamtoa mtoto mmoja katika kazi ya kibarua miaka ya 1920, wakati shule zilikuwa chache na aliyejua kusoma alipata ukarani. Urithi mdogo hauonekani mdogo ukiuhesabu baada ya miaka 100.

Ukivuka Mto Nairobi kutoka Barabara ya Racecourse unafika Kariokor. Hapa palikuwa na kambi ya wapagazi, Carrier Corps, na jina likabaki kama lilivyobaki kwa ndugu yake Kariakoo wa Dar es Salaam. Baada ya vita manispaa iligeuza eneo hili kuwa makao ya wafanyakazi Waafrika, mabweni ya kupangisha vitanda, kwa imani kwamba Mwafrika yuko mjini kwa muda tu na mke wake yuko nyumbani shambani. Leo kuna magorofa ya halmashauri na soko linalojulikana kote nchini kwa vyondo, ngozi na nyama choma. Mafundi wa viatu vya ngozi hukaa wameinama, sindano mkononi, kipande cha tairi kikisubiri kukatwa soli. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini kibanda wanachofanyia kazi si chao, na nyumba wanayorudi jioni nayo ni ya kodi.

Wazungu waliokufa katika vita hivyo walipewa makaburi na majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliotumikia Uingereza katika Vita Kuu, wengi wao kutoka Afrika mashariki na magharibi na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo hata ile ahadi ya kukumbukwa haikutimizwa.

Kilichomngoja mpagazi aliyerudi hai kilikuwa kipande. Usajili wa wanaume Waafrika, uliotungiwa sheria mwaka 1915, ulianza kutekelezwa vita vilipokwisha, na kufikia mwaka 1920 mwanaume alitembea na alama za vidole vyake ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku, mwanaharakati wa kisiasa, alipokamatwa kwa kuyapinga hayo, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, na tarehe 16 Machi 1922 wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma, aliuawa siku hiyo.

Mwaka uleule wa 1921 mahakama ilikata kauli iliyoeleza hali ya kila Mwafrika wa koloni. Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua kwamba Waafrika hawana haki ya kumiliki ardhi wanayoikalia, kwamba wao ni wapangaji wa Taji, wa kuondolewa Taji likitaka. Wapangaji katika ardhi ya babu zao. Nimezunguka Eastlands nikiwa na uamuzi huo kichwani, na kila mtaa niliopita ulinirudisha kwake.

Kutoka Kariokor hadi Pumwani ni mwendo mfupi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makao rasmi ya Waafrika, ili vijiji vya awali vilivyokuwa vimetapakaa mjini viondolewe. Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake ya udongo na fito, lakini kiwanja kilikuwa cha manispaa na aliendelea kukilipia. Pamoja na hayo watu walijenga, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha jinsi wanawake walioingia mjini bila urithi wowote, wengine wakikimbia ndoa au ufukara, walivyochuma kwa kuuza chakula, pombe, malazi na miili yao, kisha wakaweka kila senti katika nyumba za Pangani na Pumwani. Wengi walisilimu, wakapata udugu mpya na watu wa kuwazika na kuwarithi. Kwa maoni yangu hao ndio waanzilishi wa mali ya Waafrika Nairobi, na mji haujawapa heshima wanayostahili.

Mali yao ilikuwa na ukuta wa udongo na msingi wa hisani. Pangani, kijiji kikongwe kuliko Pumwani, kilibomolewa mwaka 1938 na 1939, na watu wake wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Mzungu wa mtaa wa Muthaiga hakuwahi kuamka akakuta nyumba yake inabomolewa kwa sababu jiji limekua. Nyumba yake ilizidi kupanda bei kila jiji lilipokua. Kwa Mwafrika, kukua kwa jiji kulimaanisha kusukumwa.

Katikati ya hao wawili walikuwa Wahindi. Walizuiwa kununua mashamba ya Nyanda za Juu, zilizotengewa Wazungu, lakini waliruhusiwa kumiliki viwanja mjini, na Eastleigh, iliyopata jina na mipaka yake mwaka 1921, ni mojawapo ya sehemu walizonunua. Duka la chini na familia ghorofani, na hati kwenye sefu. Mwafrika aliyetaka kufungua duka kama hilo alikutana na sheria ya kudhibiti mikopo, iliyofanya deni la Mwafrika linalozidi pauni 10 lisiweze kudaiwa mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Hakuna mwenye akili angemkopesha. Na kule kijijini, kahawa, zao lililomjenga mlowezi, Mwafrika alikatazwa kuilima hadi miaka ya 1930, na hata hapo ni sehemu chache tu zilizoruhusiwa. Ukimnyima mtu ardhi, mkopo na zao la biashara kwa miaka 50, huhitaji sheria nyingine ya kumweka chini.

Ukishuka hadi Jogoo Road, ambayo wakoloni waliiita Doonholm Road kwa jina la shamba la mlowezi, unakutana na kumbukumbu ya vita vya pili. Soko la Burma, karibu na Uwanja wa City, linabeba jina la nchi ambako askari wa King's African Rifles walipigana na Wajapani. Walirudi mwaka 1945 na 1946 wakiwa wameona mengi, wengine wakiwa na akiba waliyotaka kuanzia biashara. Serikali ikafungua tena mpango wa makazi kwa wanajeshi, na kwa mara nyingine ulikuwa wa Wazungu. Miaka 27 baada ya Theatre Royal, tuzo ilipita njia ileile.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa ikifanya jambo hilo kwa mbinu nyingine. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia wanajeshi waliotoka vitani haikutaja rangi, lakini mikopo ilipitia kwa benki na maofisa wa kila mji. Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi iliyochunguzwa, mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilitolewa chini ya sheria hiyo, na Weusi walipata miwili. Mwaka 2022, kwa takwimu za Benki Kuu ya Marekani, familia ya Kizungu ya kati ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya Weusi dola 44,900. Wanaotaka kujua pengo hilo limetoka wapi hawahitaji kutafuta kasoro katika tabia za watu. Watazame nani alipewa nyumba ya kwanza.

Kaloleni, ng'ambo ya Burma, ilijengwa katika miaka ya 1940. Ni mtaa wenye mpango mzuri: nyumba za mawe, paa za vigae, viwanja vya wazi katikati, zahanati, ukumbi. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, Mkenya mwenye asili ya Punjab na kiongozi wa wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki mara moja. Alikamatwa wiki tatu baadaye na kukaa kizuizini zaidi ya miaka 11. Lakini hata Kaloleni, mtaa uliojengewa familia, ulikuwa wa kupanga. Hakuna aliyeuziwa mlango wake. Ukipita sasa utaona viwanja vile vya wazi vimejaa vyumba vya mabati, vimeegemezwa kwenye kuta za mawe, waya za umeme zikiruka kutoka paa hadi paa. Mpangaji wa kanjo, yaani halmashauri ya jiji, amejenga vyumba vinne vitano uani, anavipangisha, na kodi hiyo ndiyo karo na dawa. Wapo wanaouita uchafu. Mimi naona watu ambao kwa vizazi vitatu wamekatazwa kumiliki, wakijitengenezea mali kwa namna pekee iliyobaki, juu ya ardhi ambayo wanaweza kuondolewa kesho.

Halafu ikaja Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi wapatao 25,000 walizingira Nairobi na kuichuja mitaa hii mmoja mmoja. Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 walipelekwa vizuizini. Maduka yalifungwa, leseni zikafutwa, vyombo vya nyumbani vikaachwa vyumbani na havikuonekana tena. Pigo kubwa zaidi liliangukia mashambani. Mwaka huohuo wa 1954 ulianza Mpango wa Swynnerton, ambao kwa mara ya kwanza uliwapa Waafrika hati za ardhi na ruhusa pana ya kulima kahawa na chai. Vipande vya ardhi vilikusanywa, vikapimwa na kuandikishwa wakati maelfu ya wenyewe wakiwa nyuma ya seng'enge. Waliokuwa upande wa serikali walikaa kwenye kamati za kugawa. Mtu aliyechukuliwa Bahati au Shauri Moyo alirudi mwaka 1959 akakuta mpaka umehama. Hapo ndipo, naamini, sehemu kubwa ya matabaka ya Waafrika wenyewe ilipoandikwa kwa wino.

Uhuru ulifungua Nyanda za Juu, lakini kwa kununua. Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, uliendeshwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia. Familia zipatazo 35,000 zilipata makazi na deni lake. Mlowezi aliyeondoka alilipwa, na thamani ya shamba lililotoka kwenye bahati nasibu ikavuka bahari ikiwa pauni, tayari kununua nyumba Uingereza au shamba Afrika Kusini. Aliyebaki alibaki na hati. Mashamba makubwa mengi yalinunuliwa na Waafrika waliokuwa na mshahara mnono, cheo au ukaribu na benki. Mfumo haukuvunjwa. Waliongezwa waliomo, na mstari wa rangi ukaanza kufunikwa na mstari wa jina la ukoo.

Eastlands ilipewa nafasi moja ya kweli ya kumiliki. Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, nyumba za kuuzwa kwa rehani, zikinunuliwa na walimu, makarani na watumishi wa serikali. Tazama kilichotokea. Aliyelipa rehani hadi mwisho alipata hati, akaitumia kukopa, akaongeza ghorofa au duka mbele ya geti, akasomesha. Watoto wake leo wanagombania urithi mahakamani, na ugomvi huo wenyewe ni ushahidi kwamba kuna kitu cha kugombania. Mwenzake wa Jericho au Maringo, mwenye kazi kama yake na mshahara kama wake, alilipa kodi kwa kanjo miaka hiyohiyo. Watoto wake walirithi zamu ya kulipa. Ni mitaa jirani na rangi moja, na kilichowatenga ni hati.

Sasa mitaa hii ya zamani iko kwenye orodha ya kubomolewa na kujengwa upya: Ziwani, Kariokor, Bahati, Jericho, Maringo na mingineyo. Tangu mwaka 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Nyumba zinajengwa juu ya ardhi ambayo ni miongoni mwa ghali zaidi Nairobi, dakika chache kutoka katikati ya jiji. Nani atapewa hati? Anayeomba kuuziwa anatakiwa kuweka amana, na amana ndiyo hasa ambayo familia isiyo na urithi haina. Mwenye baba wa Buruburu ataikopa kwa baba. Mwenye babu wa Kariokor ataikopa kwa nani?

Ninachotaka kinaweza kutekelezwa kwa karatasi zilizopo City Hall. Kila nyumba ya kanjo ina namba na akaunti ya kodi, na familia nyingi zimelipa kwa jina la babu, kisha la mama, kisha la mjukuu. Nyumba hizi zilishalipa gharama za ujenzi wake zamani sana. Kabla tingatinga halijafika Ziwani au Maringo, hesabu ya kodi iliyolipwa na kila familia tangu siku ilipoingia itolewe hadharani, ipunguzwe kwenye bei ya nyumba mpya, na hati iandikwe kwa jina la aliyelipa, yenye haki ya kurithishwa. Wakazi waipate hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya kutia saini fomu yoyote ya kuhama.